“Waliomuua mdogo wangu wako hai mpaka leo. Kwa nini nikubali adhabu ya kifo ifutwe?”

“Shikamoo wakili. Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka 2014 alikodiwa usiku na vijana wawili, asubuhi akakutwa shambani amekufa, pikipiki haipo. Ilipatikana wiki mbili baadaye mkoa wa jirani. Vijana wale walikamatwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikawahukumu kunyongwa hadi kufa. Walikata rufani wakashindwa. Mpaka leo tunasikia wapo gerezani, wanakula na kulala. Mama yetu akisikia habari yoyote ya mahakama redioni anauliza, ‘Wameshanyongwa?’ Sasa binti yangu anayesoma sheria chuoni ananiambia adhabu ya kifo inapaswa kufutwa. Nilikasirika, nikamwambia si yeye aliyekwenda mochwari kumtambua mjomba wake. Naomba unieleze kwa lugha ya kawaida: kwa nini hawanyongwi? Adhabu ikifutwa si watatoka? Na watu si watauana ovyo? Kwetu tuna Waislamu na Wakristo, na pande zote mbili wanasema damu kwa damu.”

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Najua umeshapewa pole nyingi tangu mwaka 2014, na najua haziwezi kufuta ulichokiona mochwari. Naitoa hata hivyo, kwa sababu nisingependa uanze kusoma jibu langu ukidhani nimewaweka waliouawa pembeni ili niwatetee waliowaua. Nimesimama mahakamani na washtakiwa wa mauaji kwa miaka mingi, na kila mara kwenye benchi la nyuma amekaa mtu kama wewe. Mara nyingi hakuna anayezungumza naye.

Umeniuliza maswali manne. Chini yake nasikia la tano ambalo hukuliandika: nikikubali adhabu hii ifutwe, si nitakuwa nimemsaliti mdogo wangu? Nitayajibu yale manne nikiwa nalikumbuka hilo.

Kwanza, kwa nini hawanyongwi hapa Tanzania. Mahakama Kuu ikishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, na Mahakama ya Rufani ikishakubaliana nayo, hapo kazi ya mahakama imekwisha lakini mtu hanyongwi. Kumbukumbu za kesi na taarifa ya jaji hupelekwa kwa Rais. Yeye ndiye anayesaini hati ya kunyonga, na ndiye anayeweza kuibadilisha adhabu kuwa kifungo au kusamehe, kwa mamlaka anayopewa na ibara ya 45 ya Katiba. Pasipo saini yake, hakuna askari magereza anayeweza kumgusa mhukumiwa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 saini hiyo haijatoka. Marais wamebadilishana kiti, wa tabia na misimamo tofauti kabisa, na hakuna aliyesaini. Mwezi Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba anajua wapo waliohukumiwa kunyongwa, ila asipelekewe orodha yao kwa sababu anaona ugumu wa kutekeleza jambo hilo. Huyu ni kiongozi ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole kwa wahalifu.

Kwa hiyo mlichopewa mwaka 2018 kilikuwa tamko la kifo, na kilichofuata ni kifungo kisicho na mwisho unaojulikana. Hakuna aliyewaeleza hivyo siku ile. Jaji alitamka “kunyongwa hadi kufa”, mama yako akasikia ahadi, na tangu hapo anasubiri itimizwe. Katika yote uliyoniandikia, hili ndilo linaloniuma zaidi. Serikali imemweka mama mzee kwenye foleni ambayo haisogei.

Wengine huniambia, basi ibaki kwenye kitabu tu, si haitumiki? Waangalie jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kule unyongaji ulisimamishwa mwaka 2003, watu wakazoea kuamini mambo yamekwisha. Machi 2024 serikali ikatangaza kuondoa zuio hilo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwa waraka mmoja. Adhabu iliyolala huamka siku kiongozi anapoihitaji, na mara nyingi anaihitaji wakati nchi ina hasira au hofu, yaani wakati ambao kupima ushahidi kwa utulivu ni vigumu zaidi.

Nije kwenye hofu yako ya pili, kwamba ikifutwa watatoka. Kufuta adhabu ya kifo hakufuti hatia. Mwaka 2009 Rais Kibaki wa Kenya aliwabadilishia adhabu wahukumiwa wa kifo zaidi ya 4,000 kwa mara moja. Hawakwenda nyumbani, walibaki gerezani wakitumikia kifungo cha maisha. Lakini sitakudanganya kwamba hakuna atakayetoka kamwe. Mahakama zikipewa uhuru wa kupanga adhabu, wapo watakaopewa miaka badala ya maisha, na baada ya miaka hiyo watatoka. Ilitokea Kenya baada ya Mahakama ya Juu, Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, kusema kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Kwa watu walioua kwa kupanga ili waibe, kama unavyoeleza, mimi natarajia mahakama yoyote makini itoe kifungo kirefu sana. Ukiniuliza kama nakuhakikishia, siwezi.

Hilo neno “kumlazimisha jaji” nataka nikae nalo kidogo, maana hapo ndipo msimamo wangu ulipozaliwa.

Katika sheria iliyotumika kwenye kesi yenu, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alikuwa na adhabu moja tu: kifo. Walioepushwa ni mwanamke mjamzito na aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Wengi hudhani “kukusudia” maana yake ni kupanga. Sivyo. Sheria inaita “nia ovu”, na nia hiyo mahakama inaweza kuiona kwenye aina ya silaha, nguvu iliyotumika na sehemu ya mwili iliyopigwa. Niliwahi kumtetea kijana aliyegombana na baba yake mdogo kwa ajili ya mpaka wa shamba. Waliamka asubuhi wakiwa ndugu, saa nne wakarushiana maneno, na jembe lililokuwa mkononi likatua kichwani. Hakukimbia. Alimbeba mwenyewe hadi zahanati, mzee akafia njiani. Tulipigania ionekane ni kuua bila kukusudia, hatukufanikiwa. Baada ya kumtia hatiani jaji aliniuliza kama nina la kusema kuhusu adhabu. Nilisimama, nikasema yote niliyokuwa nayo. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema mikono yake imefungwa, na akatamka maneno yaleyale waliyotamkiwa wauaji wa mdogo wako.

Kilichonishtua siku ile ni kwamba mjane wa marehemu, mama mdogo wa yule kijana, alikuwa amekuja na neno lake. Alitaka kumwambia jaji kwamba hataki maiti ya pili katika ukoo. Hakuitwa, kwa sababu lisingebadilisha kitu. Adhabu ikiwa moja tu, mshtakiwa anasikilizwa bure na mfiwa hasikilizwi kabisa. Nadhani hata wewe na mama yako hamkuulizwa mdogo wako alikuwa nani, alimlea nani, na nani sasa analipa ada za watoto wake. Mahakama ilihitaji kutoka kwenu utambuzi wa mwili na wa pikipiki, basi. Kenya wana sheria ya kuwalinda waathirika ya mwaka 2014, na jaji mwenye uhuru wa kupanga adhabu anaweza kusikia kutoka kwa familia hasara waliyopata kabla hajaamua. Nafasi hiyo inakuwa na maana pale tu ambapo kuna kitu cha kuamua.

Ndiyo maana Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapahapa kwetu Arusha, tarehe 28 Novemba 2019 katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake iliamua kwamba adhabu ya lazima ya namna hii inakiuka haki ya uhai, na kwamba kunyonga kunakiuka utu, ikaiamuru Tanzania irekebishe sheria. Hata mahakama zetu wenyewe zilishatikiswa na jambo hili zamani. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Lakini soma walichosema: walikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inadhalilisha, ila wakaona Katiba inaruhusu iendelee kuwepo, na kwamba kama inahitajika au haihitajiki ni jambo la jamii kuamua. Kwa hiyo mabishano yako na binti yako jikoni ni halali kabisa. Majaji waliwaachia ninyi.

Sasa nitasema jambo gumu, na naomba ulipokee taratibu. Sisemi kwamba waliohukumiwa kwa kifo cha mdogo wako siyo wao. Sijaona jalada, na mahakama mbili zimeshalipima. Nasema juu ya aina ya ushahidi unaotumika katika kesi za bodaboda nchi nzima. Mara nyingi hakuna aliyeona. Kuna pikipiki iliyokutwa kwa mtu, na sheria inaruhusu mahakama kuamini kwamba aliyekutwa na mali ya marehemu muda mfupi baada ya mauaji ndiye aliyeua, asipotoa maelezo ya kueleweka. Kuna maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yaliyoandikwa polisi, na kila kikao tunabishana kama yalitolewa kwa hiari. Kuna shahidi aliyesema alimtambua mtu usiku kwa mwanga wa taa ya pikipiki. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani inaonya kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Wakati huohuo mshtakiwa hana fedha, hana dhamana, amekaa mahabusu miaka mitatu au minne, na wakili aliyepangiwa na mahakama anaweza kupata jalada siku chache kabla ya kikao. Mimi nimewahi kuwa wakili huyo. Ninazo kesi ambazo mpaka leo najiuliza: ningekuwa na mwezi mmoja zaidi, ningempata yule shahidi?

Uganda, mwaka 1982, Edmary Mpagi na ndugu yake mmoja walihukumiwa kifo kwa kumuua mtu wa kijiji chao. Mtu huyo hakuwa amekufa. Alikuwa hai, na watu walimwona. Ndugu yake Mpagi alifia gerezani. Mpagi mwenyewe alikaa miaka mingi akisikia wenzake wakichukuliwa kwenda kunyongwa, mpaka alipoachiwa mwaka 2000. Kilichomwokoa ni kwamba hawakumfikia kabla ukweli haujafika. Aliyefungwa kimakosa unaweza kumfungulia mlango ukamwomba radhi. Na kwa familia iliyofiwa, kumnyonga asiyehusika kunamaanisha pia kwamba aliyehusika yupo mtaani, na hakuna tena anayemtafuta.

Kuhusu kuuana ovyo. Hofu hii ni ya kweli, na inatoka kwenye kuamini kwamba muuaji anapiga hesabu kabla ya kuua. Wapo wanaopiga. Lakini mtu anayekodi bodaboda saa tano usiku ili aue na kuiba anapiga hesabu moja: nitakamatwa au sitakamatwa? Akiamini hatakamatwa, adhabu haimwingii akilini, iwe kamba au kifungo. Anayeua kwa hasira au ulevi hana hesabu yoyote. Marekani wamelichunguza suala hili kwa miongo mingi, na mwaka 2012 Baraza lao la Taifa la Utafiti lilipitia tafiti hizo likahitimisha kwamba hazifai kutumiwa kusema adhabu ya kifo inapunguza mauaji, wala inaongeza, wala haina athari. Na hapa kwetu jiulize: kamba imekaa bila kutumika takriban miaka thelathini, na kila mhalifu anajua. Kama kuna kitu kinachomlinda dereva wa leo, ni pikipiki iliyosajiliwa vizuri, kituo cha bodaboda ambacho wenzake wanajua amekwenda wapi na nani, na polisi wanaofika haraka na kukusanya ushahidi ipasavyo.

La dini nitaligusa kwa uangalifu, maana mimi ni wakili, si shehe wala padri. Kwa upande wa Waislamu, muulizeni shehe wenu aya ya 178 ya Sura ya Al-Baqara. Inataja kisasi, ndiyo, na papo hapo inafungua mlango wa msamaha wa ndugu wa marehemu na malipo ya dia, yaani fidia ya damu. Mwenye kauli pale ni familia ya aliyeuawa. Kanuni ya Adhabu yetu ililetwa na Waingereza mwaka 1930, na ndani yake familia haiulizwi: haina nafasi ya kudai wala ya kusamehe. Kwa hiyo anayeitetea sheria ya kunyonga kwa hoja ya kisasi cha Kiislamu anatetea kitu kingine. Kwa upande wa Wakristo, Kanisa Katoliki liliikubali adhabu hii kwa karne nyingi, na mwaka 2018 Papa Francis alibadilisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa hilo, ikasema haikubaliki. Makanisa mengine yana misimamo yao. Ninachokuomba ni usimwachie mtu akuambie kwamba dini imeshafunga mjadala.

Ninapojadili na watu wenye machungu kama yako, huwa nawakumbusha Rwanda. Tarehe 24 Aprili 1998 walipiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari. Miaka tisa baadaye, 2007, nchi hiyohiyo ikafuta adhabu ya kifo. Sababu haikuwa huruma peke yake, na nisingependa kuipamba. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha kusikiliza kesi za mauaji hayo, ambayo adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha, haikuweza kuwakabidhi watuhumiwa kwa nchi yenye adhabu ya kifo, na nchi za Ulaya zilikataa vilevile. Rwanda walitaka wahusika warudi wahukumiwe nyumbani, mbele ya walionusurika. Wakapima kamba na kesi, wakachagua kesi. Burundi ilifuta mwaka 2009, Zambia mwishoni mwa 2022, Zimbabwe mwishoni mwa 2024, chini ya Rais Mnangagwa ambaye mwenyewe alihukumiwa kifo ujanani wakati wa ukoloni.

Msimamo wangu umeshauona: ifutwe, na badala yake mahakama ziwe na vifungo virefu, vya kweli, vinavyotamkwa kwa idadi ambayo familia inaweza kuielewa. Hilo lina gharama yake. Walipa kodi wataendelea kuwalisha watu hao. Na unaweza kuja siku moja ukutane stendi na mtu aliyetumikia miaka yake akamaliza. Sitasema ni jambo dogo. Ila hata leo unawalisha, na zaidi ya hapo mama yako hajui kwa nini.

Na kuhusu kumsaliti mdogo wako: uliacha shughuli zako ukaenda kumtambua. Ulifuatilia kesi miaka minne. Deni lako kwake umelilipa, na halitegemei kamba.

Sasa mambo ya kufanya, maana mengine barua haiwezi. Nenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka katika mkoa ilikosikilizwa kesi, ukiwa na namba ya kesi, uulize rasmi hali ya wahukumiwa. Habari za kusikia zinawatesa bure. Kama watoto wa marehemu wana shida ya mirathi au matunzo, au kuna ndugu wa wahukumiwa wanaowasumbua, kaonane na wakili uso kwa uso. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wasaidizi wa kisheria walio wilayani husaidia wasio na uwezo bila malipo. Vitisho ripoti polisi siku hiyohiyo. Na kama moyoni una shaka yoyote juu ya nani alimuua mdogo wako, neno ulilolisikia msibani, jina ambalo halikutajwa mahakamani, usikae nalo. Mpelekee wakili.

Mama yako ananipa wasiwasi zaidi. Kuuliza swali lilelile kwa miaka, kama halali usingizi, hali chakula au anaongea na marehemu, huko si kuwa mbishi. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Majonzi yaliyoganda yana tiba, hata kwa mzee. Na akiuliza tena kama wameshanyongwa, mwambie ukweli: hawajanyongwa, na inawezekana hawatanyongwa. Kisha mkae naye, wewe na binti yako, mumwulize swali ambalo hakuulizwa na mtu mahakamani: kama jaji angempa nafasi ya kusema, angemwambia nini kuhusu mwanawe? Mwacheni aongee mpaka atakapochoka mwenyewe.